Maneno Niliyoyatoa Barazani

Mtu niliyemkosea alikuwa fundi wa redio. Nasema alikuwa, maana kazi ndiyo iliyomwacha yeye. Redio zilipungua majumbani, zikaja simu, na simu zikiharibika watu wakazipeleka kwa vijana wa Darajani wenye bisibisi nyembamba kama sindano. Yeye akafunga kibanda chake, akatia kufuli, akaja kukaa barazani.

Baraza yenyewe iko katika kichochoro kimoja cha Mkunazini, mbele ya duka la vitambaa. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi ambaye hajawahi kuishi mtaa mwingine. Mimi nilikuwa nikipita pale kila nikitoka kazini Malindi, bandari ya hapa hapa mjini, ambako huandika mizigo inayoshuka melini. Nikishaswali alasiri hukaa, nikanywa vikombe viwili vya kahawa, ndipo nikaenda nyumbani. Tulikuwa watano, siku nyingine sita. Fundi tulimwita Ami, hata sisi tusiokuwa na udugu naye. Nilimjua tangu utotoni, kwa sababu binti yake na mimi tulikua mlango kwa mlango, tukasoma chuo kimoja cha Kurani, na mpaka leo ananiita kaka.

Ami alikuwa na la kusema juu ya kila kitu kilichoingia mjini. Friji, alisema, imewafanya watu wachoyo, kwa sababu zamani mchuzi ukibaki ulipelekwa kwa jirani usije ukaharibika, na siku hizi unafunikwa ukawekwa kwenye baridi. Viti vya plastiki navyo vilikuwa na makosa yao. Mtu akikaa mkekani harusini ilimlazimu kutulia, kwani kuondoka ni kuruka magoti ya watu, lakini kiti unakisukuma nyuma na kwenda zako. Hakuwa mtu wa kulaani kila jipya, hata hivyo. Pampu ya maji aliitukuza mno. Alisema yeyote aliyeileta ataingia peponi kwa dua za wanawake waliokuwa wakipanda na ndoo ngazi tatu za nyumba hizi za mawe.

Niliyapenda maneno yake kupita kiasi. Nikifika nyumbani nilijaribu kumsimulia mke wangu, na kinywani mwangu yakawa makavu. Alikuwa akitabasamu kwa adabu tu. Kwa hiyo siku moja nikaiweka simu juu ya paja, kioo chake kikiniangalia mimi, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Ami aliiona simu. Nadhani alidhani nasoma habari.

Siku hiyo mazungumzo yalikuwa juu ya salamu za asubuhi.

"Zamani mtu akitaka kujua nimeamkaje, huja akabisha hodi," alisema. "Siku hizi ananitumia picha ya ua. Kila asubuhi ua. Mimi nna bustani nzima humu ndani ya simu, na mlango wangu haugongwi."

Tukacheka, naye akachangamka. Alikuwa mtu wa namna hiyo, kicheko cha watu kilimpa mwendo.

"Na huyo mkwe wangu ndo usiseme. Anakuja Ijumaa, anakaa, anainamia simu mpaka chakula kinapoa. Juzi nikamuuliza binti yangu: mwanangu, we umeolewa na mtu, au umeolewa na chaja?"

Mwenye duka alivua miwani akafuta machozi. Mimi nilicheka hata simu ikatikisika pajani.

Nyumbani nikamwonesha mke wangu. Alicheka kwenye maua, akacheka kwenye chaja, kisha akaniuliza kama nilimwomba Ami ruhusa. Nikamjibu kwamba maneno yale si siri, mzee ameyasema nje, njiani, kila mpita njia anasikia.

"Barazani anajua nani kakaa," alisema.

Nikaona ananikuzia jambo dogo. Jioni ile ile nikaitia video kwenye kundi la mtaa. Nilitaka nini? Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilitaka watu wamjue mzee wetu, wafaidi hekima yake. Siku hizi najibu kwa ukweli zaidi: nilitaka kusifiwa. Watu walipotuma vikaragosi vyao vya kulia kwa kicheko, nilijiona kama kwamba maneno yale nimeyatunga mimi.

Siku ya tatu video ilinirudia kutoka Pemba, imetumwa na binamu yangu, naye hajui ilikotoka. Mtu alikuwa ameshaikata. Maua yote yaliondolewa, ukabaki kidogo ule mlango usiogongwa, kisha mkwe, kisha chaja. Wiki iliyofuata ikaja kutoka Maskati, imetiwa ngoma, neno la chaja likirudiwa rudiwa. Hata hapo nilikuwa bado najivuna. Nilimwambia mwenzangu mmoja kazini kwamba ile ni yangu.

Kisha binti yake Ami akanipigia simu. Ameolewa Kizimkazi, na mumewe ana boti ya kupeleka wageni kutazama pomboo. Kawaida yake huanza kwa kuniuliza hali ya mke wangu, hali ya watoto, hali ya mama, na kila mmoja kwa jina lake. Siku hiyo hakuuliza hali ya mtu.

"Kaka, ile video umerekodi wewe? Kicheko chako nnakijua."

Nikasema naam, ni mimi. Kisha akaniambia kwamba mumewe aliiona ufukweni, wenzake wamemzunguka, wakimwonesha mmoja baada ya mwingine kama kwamba hajaiona kwa yule wa kwanza. Tangu siku hiyo akipita na boti yake wenziwe humwita Chaja, na wageni nao wameshalishika, wanadhani ndilo jina lake. Hakuniomba kitu. Aliniaga kwa heshima, na heshima ile ilinichoma kuliko matusi.

Niliifuta video kwenye kundi. Nikaandika maneno ya kuwaomba watu waifute na wao, na wapo walionijibu kwa kunitumia video ile ile.

Ijumaa ilipofika, mkwe hakuja kula chakula cha mchana kwa Ami kama ilivyokuwa desturi, wala binti hakuja, wala wajukuu. Ami alitwambia barazani kwamba huenda wamepata wageni wengi. Ijumaa ya pili hakuwataja. Alikuwa hajui. Ukiacha yale maua ya asubuhi, simu yake aliitumia kwa kutazama saa na kusikiliza Kurani, katika kundi la mtaa hakuwamo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na uso wa kumwambia. Mimi niliyekuwa na wajibu zaidi ndiye niliyekaa mbali naye zaidi, pale mwisho wa baraza, nikinywa kahawa upesi upesi.

Alikuja kujua kwa watoto wa skuli waliopita kichochoroni wakiimba chaja, chaja, wakimtazama. Akamuuliza mwenye duka wale watoto wana nini, na mwenye duka, ambaye hawezi kusema uongo, akamwonesha. Mimi nilikuwa bado kazini. Nilihadithiwa kwamba Ami aliitazama mara moja, akaomba irudiwe, na mara ya pili hakujitazama yeye. Alitazama mlango wa duka ulio nyuma yake na pembe ya benchi, kama alivyokuwa akitazama ndani ya redio, akafahamu picha imepigwa kutoka upande gani na siku ile nani alikaa upande ule. Akashukuru, akachukua bakora yake, akaenda zake nyumbani.

Siku ya pili nilipanda ngazi zake. Nilimkuta amekaa chumba cha mbele, peke yake, dirisha wazi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba vile vile kama siku zote, akaniambia nikae. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi njiani. Nilianza kueleza kwamba sikukusudia, kwamba kundi lilikuwa la watu wa mtaa tu, kwamba waliokata ni wengine. Aliniacha niseme mpaka yakanishia.

"Nshakusamehe, mwanangu," alisema. "Hilo lisikutie taabu. Lakini mimi yule kijana nlikuwa nampenda, na sikuwahi kumwambia. Sasa ataamini lipi?"

Akaniuliza kama nimekula.

Nikaona sitopata utulivu mpaka nionane na mkwe mwenyewe. Jumapili nikapanda pikipiki yangu nikenda Kizimkazi. Nilimkuta amevua shati, anasuuza boti kwa ndoo, asubuhi ile ameshawarudisha wageni wake. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa shingoni mwake, na katika muda nilioongea naye ililia mara tatu. Kila ikilia aliitazama, akaiacha, na kila akiiacha niliona ilivyomgharimu. Nikamwita shemegi, nikajitambulisha kwamba mimi ndiye niliyerekodi. Alisema anajua.

Akanieleza, bila ya hasira, kwamba wageni wake wote humpata kwa simu. Wanamwandikia wakiwa kwao, kwa saa za kwao, na asipojibu papo hapo wanamwandikia mwenye boti mwingine. Ijumaa ni siku anayoacha kazi ili aende mjini kwa wazee, kwa hiyo ndiyo siku ambayo maombi ya Jumamosi na Jumapili yanamrundikia. Alikuwa akila na kujibu, akila na kujibu, akidhani mzee anaelewa kwamba anatafuta riziki ya binti yake.

"Mzee angenambia mwenyewe, ningeiweka mfukoni," alisema. "Neno moja tu. Ningeona haya, lakini haya ya nyumbani. Nyinyi mmenambia mbele ya dunia."

Nilimwomba radhi. Alinipa mkono, mkono uliolowa maji ya chumvi, akasema yameshapita. Lakini hakunialika nyumbani kwake, na mtu wa Kizimkazi kumwacha mgeni aondoke mchana bila ya kumkaribisha chakula ni jambo ambalo halihitaji kufasiriwa. Nilirudi mjini na njaa yangu.

Walikuja sikukuu ya Idi, wote, na tangu hapo wanakuja tena, si kila Ijumaa. Binti ameniambia kwamba mumewe sasa huizima simu kabla ya kuingia, na baba yake humuuliza habari za kazi, na bahari, na afya. Wanazungumza kama watu wawili waliokutana safarini. Kila mmoja anachunga asije akamkera mwenziwe, na chakula kikiisha wote wawili wanaonekana wamechoka. Aliniambia kwamba angependa siku moja wagombane, yaishe.

Mimi nami nimefikiri sana, na sikufika mahali pakubwa. Sidhani kwamba simu ndiyo mbaya. Kaka yangu yuko Toronto, na mama asingeuona uso wa wajukuu zake kama si kitu hiki. Nadhani tu kwamba yapo maneno ambayo ni mazuri kwa sababu ya waliokuwepo. Ami aliposema vile kuhusu mkwe wake, sisi tuliokuwa pale tulijua kwamba Alhamisi yake nzima huenda kwa kutafuta samaki mzuri wa kumpikia kijana yule yule. Tulijua anavyomsifu kwa kumtunza binti yake. Tulicheka tukiwa na hayo yote vichwani mwetu. Video haikuyachukua. Ilichukua sekunde chache za mzee anayemsema mkwe wake, na mtu wa Maskati atajuaje kuhusu samaki?

Mke wangu aliliona hilo kwa maneno manne, tena kabla. Nimemwambia kwamba alikuwa na haki. Alisema anajua, akaendelea kukunja nguo.

Ami amerudi barazani. Ilimchukua miezi, lakini amerudi, na anakaa mahali pake, na mimi napita kama zamani nikitoka Malindi. Anatuamkia, anauliza habari za mizigo na meli, anasema joto limezidi, anasema mvua itachelewa. Mtu akitoa simu, hata kama ni kutazama saa, hukatiza sentensi yake katikati na kusubiri. Kijana mmoja mgeni wa mtaa alimwuliza juzi juzi anasemaje kuhusu pikipiki zinazopita vichochoroni siku hizi. Akajibu kwamba yeye hana la kusema. Nilikuwa nimekaa karibu naye, na nilitamani kuinuka.

Nimegundua kwamba maneno yake bado anayo. Siku nyingine, kahawa ikishaisha, huinuka akaingia dukani kwa rafiki yake, wakakaa nyuma ya majora ya vitambaa ambako sisi wa nje hatuwaoni. Namsikia akisema kwa sauti ya chini, haraka haraka, na mara mwenye duka anaangua kicheko chake kile cha kukosa pumzi. Sijui wanasema nini. Ningependa mno kujua. Mara moja nilisimama, nikafika mpaka kizingitini, nikasikia sauti ya Ami ikikatika. Nikajifanya nimekuja kuuliza bei ya kitambaa cha kanzu.