Chumvi ya Mama Kiganja

Mwaka huu sitaki tena kusikia habari ya mtu anayefungua mgahawa mtaani kwetu. Nimechoka! Duka la viatu limegeuka mkahawa wa kahawa, gereji imegeuka baa, na lile ghala la magodoro ndilo limegeuka mgahawa wetu, ambao mikate yake naioka mimi. Kila mlango una vumbi la simenti, kila ukuta una rangi mbichi, na kila bosi anamchungulia mwenzake asije akawahiwa kufungua. Wa kwetu ndiye aliyekuwa na kiherehere kuliko wote. Hata meza hazijafika, alishampata mpishi, na mpishi mwenyewe akawa Mama Kiganja.

Jina hilo tulimpa sisi wa jikoni kwa sababu ya kuonja kwake. Wengine huonja kwa kijiko. Yeye alidondosha mchuzi kidogo katikati ya kiganja cha kushoto, akaulamba, akafumba macho, na jiko zima likanyamaza kungoja hukumu. "Bado." Au, "Tayari." Basi, imetoka hiyo. Alikuwa hakosei, na hilo alilijua, haki ya Mungu alilijua mno! Ukimsogelea na maoni yako anakwambia, "Peleka kwenu." Na aliyepewa vidonge vyake kuliko watu wote alikuwa mke wa mwanawe. "Mkwe wangu mtoto mzuri," alikuwa akisema mbele ya mwenyewe. "Anafua, anafagia, ana adabu. Ila kupika, Mungu hakumjalia." Sisi tunacheka, na yule binti anacheka pamoja nasi, macho chini.

Kwa hiyo alipomwambia bosi kwamba hafanyi kazi bila mkwewe huyo huyo pembeni, nilishangaa. Nikamtania, "Vipi, siku hizi kajaliwa?" Akanijibu, "Wewe oka mikate yako." Nikajua nimegusa kidonda, ila sikujua kidonda gani.

Nilikuja kukijua baadaye. Alikuwa ameugua mafua makali, yale ya kulala na kuweweseka, na alipopona, ulimi haukupona naye. Ndimu, supu, asali, vyote kwake vilikuwa kama maji. Hakumwambia mwanawe, hakumwambia mtu. Mkwewe ndiye aliyegundua, asubuhi moja alipokosea mkebe akamtilia chumvi kwenye chai. Mama Kiganja akainywa yote na kuomba nyingine. Binti wa watu angeweza kumcheka, na haki alikuwa nayo. Hakucheka. Wakapatana wawili tu: mkwe ndiye ataonja, na ishara itakuwa yao. Akijikuna shavu, chumvi haijatosha. Akikaza aproni, imekolea. Basi Mama Kiganja akaendelea kudondosha mchuzi kiganjani, kulamba na kufumba macho, lakini jicho moja hakulifumba sawasawa, lilikuwa likitafuta aproni.

Sasa ikaja siku ya majaribio. Bosi alialika ndugu zake, mafundi waliojenga, na wale majirani wenye mikahawa, ambao walikuja na tabasamu pana kutuchunguza. Wakila vizuri, mtaa mzima utajua. Wakila vibaya, mtaa utajua upesi zaidi.

Bosi alitaka pia picha kubwa ya mpishi, itundikwe pale mlangoni. Mpiga picha akaingia jikoni wakati mbaya. Mkwe ameenda stoo kutoa sahani, wahudumu wako nje na vitambaa vya meza, mimi niko uani na tanuri langu. Mchuzi wa nyama, kwenye ile sufuria yetu yenye mkono uliopinda, ulikuwa umeshakolea, mkwe aliuonja na kukaza aproni kabla ya kutoka. "Mama, onja kidogo nikupige," akasema mpiga picha. Akaonja. "Sasa fanya kama unatia kitu." Angeweza kuuinua mkono mtupu. Lakini Mama Kiganja kuigiza kupika? Na mpishi gani, tena mwenye jina, aonje mbele ya mtu asirekebishe kitu? Akachota chumvi akanyunyiza. "Haikutoka vizuri mama, tena." Akachota tena. "Moja ya mwisho, mkono juu!" Akachota konzi nzima. Mpiga picha akashukuru akaenda zake. Na mama wa watu hakuwa na namna ya kujua alichokifanya, kwa sababu alikuwa hana cha kujulia.

Sahani zikatoka. Haukupita muda bosi akaingia jikoni na sahani mkononi, mishipa imemtoka shingoni. Nilikuwa nimekuja na kapu la mikate, nikaganda mlangoni.

"Nani katia chumvi humu? Watu wanaomba maji kule kama wametoka jangwani! Yule wa baa anacheka mpaka anajishika mbavu!"

Mama Kiganja akadondosha mchuzi kiganjani, akalamba. Akatafuta aproni kwa jicho. Mkwewe naye alikuwa ameonja, amesimama tu, mkono mdomoni, hajikuni wala hakazi kitu.

"Mimi leo chumvi sijaigusa," akasema Mama Kiganja. "Nilimwachia mkwe wangu."

Yule binti akamtazama. Sisi tuliona mtu anayeogopa, kumbe alikuwa anangoja mama mkwe wake ajirudi. Hakujirudi.

"Ni mimi, bosi," akasema. "Mnisamehe."

Bosi akamwonyesha mlango. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akatokea nyuma, akapita uani kwenye tanuri langu. Nami na mdomo wangu huu, badala ya kunyamaza, nikamfokea, "Umemwaibisha mama yako!" Akanijibu, "Ndiyo, dada," akaenda.

Jioni Mama Kiganja alirudi nyumbani miguu mizito. Mwanawe yuko mezani, hajui lolote, mkewe hakumwambia. Chakula kimepakuliwa: wali na maharage. Akala kidogo, na kwa kutafuta pa kuanzia akamwambia mkwewe jambo ambalo hakuwahi kumwambia tangu aolewe. "Leo umepika, mwanangu. Kimekolea hasa."

Mwanawe akatia tonge mdomoni, akaacha kutafuna. "Kimekolea nini, mama? Hakina hata chembe ya chumvi." Akamkazia macho mama yake.

Binti alikuwa amepika huku analia, chumvi akaisahau. Lakini alikuwa mwepesi. "Nimempunguzia mama makusudi," akasema, "kwa ajili ya presha. Yako hii hapa, jitilie." Akamsogezea mumewe kikopo, akainuka kwenda kuleta maji.

Mara mbili kwa siku moja! Mama Kiganja aliniambia kwamba pale alitamani ardhi ipasuke. "Angenitukana ningepona," alisema. "Kanifichia tena, na mimi chakula chake bado kiko mdomoni." Akaaga mapema akaenda chumbani, akajifunika shuka gubigubi, akalia kwa aibu, asisikike ng'ambo ya ukuta.

Mnadhani asubuhi alisema? Hakusema. Aibu ina jeuri yake. Alikuja kazini, akapanga vyungu, akapangua, akasugua jiko lililokwisha kusuguliwa. Kila bosi akisema "Mama, lini tujaribu tena?" anajibu "Kesho." Nyumbani binti anamwamkia vile vile, anampakulia vile vile, naye anajibu huku anatazama sakafu.

Kisha ikaja picha. Fundi akapanda ngazi, akaitundika pale mlangoni, imefunikwa karatasi. Bosi akatuita wote, akaivuta karatasi mwenyewe kama anafunua bibi harusi. Tukapiga makofi. Kubwa, rangi zimekolea, Mama Kiganja kafumba macho kwa raha ya mpishi. Nilipiga makofi mpaka nilipouona mkono wa kulia. Umeinuliwa juu, ngumi imelegea, na chumvi inamwagika, nyeupe pee, kwenye sufuria ile ile yenye mkono uliopinda. Makofi yakaanza kupungua. Kila wa jikoni alielewa kwa wakati wake, na kila aliyeelewa aliishusha mikono.

Bosi peke yake hakuelewa. Yeye ni mtu wa biashara ya vyuma, chumvi anaijua ikiwa mezani. "Mbona mmenyamaza?" akauliza. "Si imetoka vizuri?"

Mama Kiganja angeweza kusema imetoka vizuri. Hakuna kati yetu ambaye angethubutu kumsuta. Lakini alikuwa ameshaiona picha, na uso wake mwenyewe ulioinuliwa pale juu, unaringa.

"Bosi," akasema, na sauti ilikuwa ndogo, sikuijua. "Uliuliza nani katia chumvi." Akanyoosha kidole ukutani. "Yule pale."

Bosi akatazama picha, akamtazama yeye.

"Mkwe wangu hakuwepo hata jikoni. Mimi ulimi wangu umekufa tangu niugue. Sijui chumvi, sijui sukari. Kila ulichokisifu humu ndani aliyekionja ni yeye. Nilimsingizia mtoto wa watu kwa sababu niliona haya, na sasa haya zimekuwa nyingi zaidi."

Bosi akajifuta uso. "Sasa mama, mimi nitafungua na nini?"

"Na yeye. Mimi nipe vitunguu nikate."

"Basi aliyemfukuzisha akamwite," akasema bosi.

Akaenda, mchana kweupe, na aproni yake kiunoni. Walichoongea sikijui, na sijauliza, jambo ambalo si kawaida yangu. Walirudi pamoja, binti mbele, yeye nyuma. Siku ya kufungua, ukumbi umejaa na yule wa baa amekaa meza ya kwanza, Mama Kiganja alichota mchuzi, akauchukua mkono wa kushoto wa mkwewe, akaufungua, akadondosha kiganjani. Wote tukanyamaza. Binti akalamba. "Bado kidogo, mama," akasema. "Tia wewe," akajibiwa.

Bosi alitaka kuitoa ile picha, Mama Kiganja akakataa. Wageni wanaipenda, wanasimama chini yake wanapigana picha. Yeye hajaingia kwa mlango ule hata mara moja. Kila asubuhi huzunguka uani, hupita kwenye tanuri langu, njia ile ile aliyotokea mkwewe, na nikimwamkia huitikia huku anatazama chini.