Kioo chini ya mashine ya Mama Neema

Mimi nafagia kwa Mama Neema, Mkongomani anayefuma kitambaa ya sofa hapa Nateete. Juzi alitoka kununua uzi, na mteja akakuja, yule bibi tajiri wa Ntinda ambaye Mama Neema aliomba Mungu mwezi mzima amlete. Anaongea kwa pua: "Naa-taka kuona kitambaa ya hoteli yangu."

Nikamuonyesha ile iko kwa mashine. Halafu mdomo yangu ikafunguka. "Nyabo, mimi sikudanganyi. Rangi ni uji ya jana, na nyuzi zinaning'inia kama ndevu ya mbuzi."

Akachukua mkoba. Mlangoni akakutana na Mama Neema, ambaye alisikia yote. Akaniambia polepole, kama anapima sukari: "Mama mukubwa, sisi tunafuma uso ya kitambaa ikiangalia chini. Inama, angalia ile kioo chini ya mashine."

Hiyo kioo kidogo, miaka miwili nafagia kando yake, nikidhani ni ya kujipodoa. Tukainama na mteja, matako juu. Mle ndani kulikuwa majani ya ndizi, kijani juu ya kijani, kila jani na mshipa yake nyekundu, unaweza kukata ufunge matoke, ile ndizi ya kupika.

"Naa-taka yote," mteja akasema.

Na katikati ya ile shamba nzuri, uso yangu, mdomo bado wazi.