Pikipiki ya Baba na Chetezo cha Bi Mwanaisha

Jamani, nacheka sasa kwa sababu imeshapita, lakini mpaka leo nikialikwa harusi Kaole kuna mama mmoja, Bi Mwanaisha, akiniona tu anakikumbatia chetezo chake cha udi na kuhamia upande wa pili wa uwanja, na watu wote wanajua kwa nini, na mimi najifanya naangalia simu.

Yote yalianza mdogo wangu Seifu alipopata mchumba huko Kaole. Mama akasema, tena kwa sauti ndogo kama mtu asiyeomba kitu, kwamba angefurahi sana mwanawe aende kuoa na pikipiki ya marehemu baba. Pikipiki yenyewe tangu baba afariki ilikuwa imelala kwenye banda la kuku hapa kwetu Bagamoyo mjini, kuku wametagia kwenye kiti, panya wamekula nyaya. Lakini mama akishasema hivyo utakataaje? Nikajitia ufundi. (Ufundi wangu wote ni kubadilisha balbu.)

Nikafungua kabureta, nikaiosha kwa petroli mpaka mikono ikanuka wiki nzima, hata wali nikila unanuka petroli. Nikanunua plagi mpya, betri, waya wa klachi. Nyuma ya tangi nikakuta kigaga cha manjano kimegandamana, nikajua ni mambo ya kuku, nikakikwangua chote kwa bisibisi. Nilipotia mafuta yakaanza kuchuruzika pale pale. Sikuhangaika, kwani nani asiyejua dawa ya tangi linalovuja? Nikachukua kipande cha sabuni ya mche, nikakifinyanga, nikaziba, pakakauka. Nikapiga kiki mpaka goti likaniuma, mara ikakohoa, ikawaka, na mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama anausikiliza ule mlio huku machozi yanamtoka. Hapo nikajiona mimi ndiye fundi wa Pwani nzima.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini asubuhi ya nikahi nikaitazama ile pikipiki, vumbi na madoa ya kuku, nikaona itatuaibisha. Baba, Mungu amrehemu, hakuwahi kuiosha hata siku moja, na sisi tulikuwa tunamcheka kwa uchafu wake. Nikasema leo itang'aa. Nikachota maji ndoo kwa ndoo, nikaisugua kila pembe kwa brashi, na lile tangi ndiyo usiseme. (Sabuni na maji, jamani. Mtu mzima na akili zangu.)

Tukaondoka, Seifu nyuma na kanzu nyeupe, joho, na marashi ya kutosha ukoo mzima. Njiani nikasikia harufu ya petroli, nikasema ni mikono yangu. Nikahisi ubaridi makalioni, nikasema ni upepo. Tukafika, dufu zinapigwa, vigelegele, nikaegesha kwa madaha, Seifu akavua joho akatangulia. Ndipo nikamwona kwa nyuma: kanzu imemganda mwilini, imelowa kuanzia kiunoni hadi miguuni. Nikajishika suruali. Chapachapa! Na mbele yetu huyo Bi Mwanaisha, shangazi wa bibi harusi, anakuja kumfukiza bwana harusi kama ilivyo ada, chetezo mkononi, makaa yamewiva mekundu, anayapuliza cheche zinaruka, anainama akiingize chini ya kanzu!

Nikaangaza huku na huku. Mezani palikuwa na jagi la juisi ya ukwaju. Nikalinyakua nikalimwaga lote. Chetezo kikalia chwaaa, majivu yakapaa yakatua kwenye kilemba cha shehe, na Bi Mwanaisha na kanga yake mpya ya sare akabaki anachuruzika ukwaju. Dufu zikanyamaza.

"Amepandisha!" mtu akapiga kelele. "Udi umemwamsha shetani wake, mshikeni!"

Wanaume wakanidaka mikono. Bibi mmoja mkongwe akanisogelea, akaniuliza kwa upole kabisa, "Haya, tumekusikia. Sema unataka nini, upewe uende zako."

"Petroli!" nikasema nikitweta.

Akawageukia wenzake. "Makubwa! Wenziwe hutaka halua."

Seifu ndiye aliyeelewa. Alijishika nyuma, akanusa vidole, akatimua mbio mpaka migombani. Baba wa bibi harusi akamfuata, akainusa ile kanzu, akarudi kunitazama. Nikaeleza yote, huku najua ndoa imevunjika na sina la kumwambia mama.

Mzee akajifuta vidole. "Mwanangu kapata shemeji wa kumwokoa mumewe asiungue," akasema. "Kwamba ndiye huyo huyo aliyetaka kumchoma, hilo tutaliongea baadaye. Mleteeni bwana harusi kanzu yangu."

Mzee mfupi, Seifu mrefu, basi mdogo wangu akaoa kanzu imeishia magotini. Mimi niliketishwa nje ya uzio pamoja na pikipiki, na pilau nililetewa huko huko na mtu aliyenyoosha mkono kwa mbali.

Jioni nikaisukuma mpaka nyumbani. Mama alikuwa mlangoni, maana kwetu mama wa bwana harusi haendi nikahi. "Mbona sikuusikia mlio?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Lile tundu la zamani," akasema. "Baba yako alikuwa akiliziba kwa sabuni vile vile. Sasa wewe ulidhani kwa nini alikuwa haioshi?"

 Tangi nimeshalichomelea, na jioni nyingine huiwasha tu hapo uani mama ausikilize mlio wake. Lakini kuiosha, naapa, sitaiosha tena. Ikae na vumbi lake kama alivyoiacha mwenyewe.