Mheshimiwa alisema redioni tusipigane, wafuasi wake wakamgeuka: jinsi miguu yetu ilivyozuia vita ya bondeni

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula ugali wa njano, wakuu.

Aliyekuwepo ameshajua. Ambaye hakuwepo akaulize kwao. Unga ulitoka ng'ambo kwa meli, ukafika Kilosa kwa treni, ukagawiwa kwa kopo. Ugali wake ulikuwa na rangi ya kiini cha yai na harufu ya gunia. Tuliula na mlenda, tukaula na chumvi, na siku nyingine tuliutazama tu tukanywa maji.

Haya, kwanza nisalimieni. Marahaba.

Humu kuna watu wa umri wa wajukuu zangu wananiita "mkuu". Siwalaumu, hamnioni. Mimi ni bibi. Kusoma nimejifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha jioni, na hapa naandika kwa kidole kimoja. Nikikosea herufi, piteni. Lakini ninayoyasema ni kweli tupu, na wenzangu tuliokuwa nao bado wapo wanaotembea.

Nimeanzisha uzi kwa sababu tangu juzi humu hamlali. Kuna mheshimiwa kasema kwenye TV kwamba vita haitakiwi, na kwamba anayepinga asiitwe adui. Basi waliompigia kura ndio wamekuwa wa kwanza kumtukana. Mmoja kaandika, "tulimtuma akaseme hivi?"

Nilicheka peke yangu jikoni. Maneno hayo hayo niliyasikia nikiwa na mtoto mgongoni.

Kijiji chetu kiko upande wa Zombo. Zamani hakikuwa kijiji, kulikuwa na nyumba hapa na nyumba kule, kila mtu na migomba yake. Ikaja Operesheni Vijiji ikatukusanya. Halafu malori yakashusha na watu wa milima ya Vidunda, na kuku wao, na milango ya nyumba zao wameibeba mgongoni. Wakaambiwa, haya, limeni pale bondeni.

Pale bondeni ni kwetu.

Nieleze kidogo, maana wengi hamjui. Kwetu ardhi inafuata upande wa mama. Bonde lilikuwa la bibi yangu, likaja kwa mama, mama alipofariki likaja kwangu, binti mkubwa. Mbegu ya kwanza kila mwaka naitia mimi. Mjomba Athumani, kaka yake mama, ndiye msemaji wa ukoo, lakini anasemea mali ya akina mama. Serikali ilisema ardhi sasa ni ya kijiji, sawa. Watu tulihamishwa, mioyo ilikuwa bado.

Basi njaa ile, mahindi yetu ya juu yamekauka, na ya watu wa mlimani kule bondeni yamebeba. Mtu anatafuna unga wa njano huku anatazama mahindi mabichi kwenye udongo wa bibi yake. Hapo shetani hahitaji hata nauli.

Ilianza kwa maneno kisimani. Kuku wakapotea. Kijana wa kwetu akapasuliwa kichwa kwa mpini, wa kwao akavunjwa mkono. Wanaume wakaanza kunoa mapanga. Waliiita "vita ya bondeni", na walivyolitamka hilo neno utadhani wanasubiri harusi.

Mimi nilikuwa na langu moyoni. Kulikuwa na mwanamke wa mlimani, Mama Kosmasi. Mwanangu alipougua, akawa anatapika kila kijiko cha uji wa njano, yeye alikuja na unga mweupe kwenye fundo la kanga, wa mwisho aliotoka nao kwao.  Aliukoroga mwenyewe, mtoto akanywa, akalala.

Sasa mume wangu Ramadhani ananoa panga la kwenda kumfukuza mwanamke huyo. Na mume wa Mama Kosmasi ananoa lake la kumngoja Ramadhani. Nani kati yao angerudi nyumbani kwa miguu yake, hakuna aliyejua.

Tuje kwa mheshimiwa. Jina silisemi, tumwite Jembe.

Enzi hizo wagombea walikuwa wawili wa Chama kimoja, mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Sisi tulikuwa watu wa jembe, tena wa kufa na kupona. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza ngoma ya akina mama, na wimbo wa Jembe niliutunga mwenyewe nikipepeta mpunga. Tuliuimba Kilosa. Tukauimba Mikumi mpaka madereva wa malori wakashuka kucheza. Akashinda.

Mjomba Athumani kwa furaha alitundika jembe zima juu ya mlango wa ofisi ya tawi. Ukiingia ofisini unapita huku unaliangalia, lisije likakushukia utosini.

Redio ilikuwa moja, ya tawi. Betri zikichoka tunazianika juani kama dagaa, jioni zinasema tena kidogo. Siku hiyo tukaambiwa Jembe atasikika kutoka bungeni, atazungumzia mapigano ya kwenye vijiji vipya. Kijiji kizima kikaja. Tuliikodolea macho ile redio kama ninyi mnavyokodolea TV. Mjomba alikaa mbele kabisa, kanzu imepigwa pasi, akingoja kumsikia mtu wetu akiomba mgambo waje kutusaidia.

Jembe akasema, "Anayekataa kumpiga jirani yake si msaliti wa kijiji chake. Na anayesema hapana, asizibwe mdomo."

Alisema na mengine. Kwamba watu wa mlimani hawakujileta wenyewe, na kwamba unga wa njano tunaula wote. Lakini sisi tulibaki na yale ya kwanza.

 Redio inakwaruza tu.

Halafu wafuasi wakafumuka. Kahongwa huyo. Atakuwa kaoa mlimani. Tulimtuma akaseme hivi? Mzee mmoja aliyembeba Jembe siku ya ushindi alisema anasikia bega linamuwasha.

Mjomba akavuta kigoda, akapanda, akalishusha lile jembe, akalitupa vumbini. Kisha akanigeukia.

"Mwanahawa, kesho asubuhi unatangulia na ngoma yako mpaka bondeni. Na ule wimbo wake uugeuze, uwe wa kumtukana. Yeye kasikika redioni, na sisi tutasikika."

Kwetu wanaume hawaendi kwenye jambo kubwa kimya kimya. Wakienda kuwinda, wakienda kuposa, mwanamke wa ukoo hutangulia na ngoma. Bila hivyo wanaonekana wezi. Kwa hiyo Mjomba hakuwa ananiomba, alikuwa anaagiza kitu chake.

 Mjomba hajibiwi mbele za watu. Niliinama nikaliokota jembe, nikalifuta vumbi kwa kanga, nikaenda nalo nyumbani.

Njiani nilipita kwa wenzangu wa ngoma, nyumba kwa nyumba. Sikuwa na hotuba. Niliwaambia kesho hatuimbi, tunakwenda kukaa. Bi Tatu, ambaye mkwewe ndiye aliyekuwa na panga kali kuliko wote, akauliza tunakwenda kukaa wapi. Nikamnong'oneza. Alicheka mpaka ugoro ukammwagika.

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Njia ya bondeni, kabla ya kuvuka mto, inabana. Kulia matete yanayokata kama wembe, kushoto tope la kumeza ng'ombe. Watu hupita mmoja mmoja. Jua linachomoza, sisi tumeshakaa pale, kila mmoja ukingoni, tumenyoosha miguu kukatisha njia. Ukitazama kwa mbali ungesema mataruma ya reli ya Kilosa.

Na miguu ya mtu hairukwi. Ukimruka mtoto, unamdumaza. Ukimruka mkubwa, umemtukana yeye na ukoo wake wote. Aliyemruka mama yake, huyo hata jina lake halitajwi tena nyumbani.

Wakaja. Mjomba mbele, panga begani, Ramadhani wangu nyuma yake, na msururu wa wanaume mpaka kwenye kona. Wakasimama. Mjomba akasema pisheni. Hakuna aliyepisha. Akauliza ngoma iko wapi. Ilikuwa nyuma yangu, nimeiegemea.

"Mwanahawa, inuka. Siku hizi na wewe ni mtu wa mlimani?"

Hapo ndipo nilipomjibu Mjomba mbele za watu, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu.

"Shikamoo Mjomba. Bonde hili ni la mama yangu, na halijaomba damu. Siimbi, na siinuki."

Hakuitikia marahaba. Alinitazama, akaitazama miguu yangu, kisha ya Bi Tatu, na mingine yote hadi kule mtoni. Nilimwona anahesabu moyoni wangapi ni dada zake na wengine ni wake za nani.

Mkwe wa Bi Tatu hakuwa na subira. Akajipenyeza mbele apite yeye. Kutupa macho chini, mguu ulio mbele yake ni wa mama mkwe, umenyooka, kanga imepanda juu ya kifundo. Wakuu, yule bwana alifunika uso kwa mkono ule ule wenye panga, nusura ajikate pua, akageuka mbio. Wa nyuma hawajui anachokimbia. Wakadhani tembo wa Mikumi kaingia bondeni. Nusu ya jeshi ikaondoka naye.

Tulicheka. Tulicheka mpaka ndege wakatoka kwenye matete. Na kicheko hicho ndicho kilichomaliza kazi, kwa sababu mwanaume hawezi kwenda kuua huku mama zake wanamcheka.

Ramadhani akachomeka panga ardhini, akakaa mbele ya miguu yangu, akauliza kama tumekuja na chai.

Mjomba alibaki wima peke yake, mzee wa watu, na aibu yake. Ndipo Mama Kosmasi akavuka mto na sufuria kichwani. Kule kwao walikuwa wanangoja mapanga, wakasikia kicheko, akaja kuona.  Alikaa mwisho wa mstari wetu, akanyoosha na yake miguu, akafunua sufuria. Mahindi ya kuchemsha. Yakapita mkono kwa mkono mpaka kwa Mjomba.

Hindi lilikuwa la moto. Mjomba alilihamisha mkono huu na huu, panga linamzuia. Ikabidi panga aliweke chini.

Akatafuna. Sisi wote tunamtazama mdomo.

"Hayana chumvi," akasema.

Vita ya bondeni iliishia hapo, wakuu. Haikuzikwa maiti hata moja. Baadaye tulikaa tukaligawa bonde kwa mstari wa matete, wa mlimani chini, sisi juu, na mbegu ya kwanza pande zote mbili niliitia mimi. Mjomba alikuja kwangu mwenyewe kuliomba lile jembe, akalirudisha juu ya mlango, safari hii kwa misumari ya maana.

Jembe alikuja na Land Rover kutoa pongezi. Jukwaani akaeleza jinsi hotuba yake ilivyozima vita. Nikampigia ngoma, nikamwimbia wimbo wake, na nikaongeza ubeti: Jembe kasema, miguu ikatenda. Akacheka. Angefanya nini?

Nilichojifunza ni hiki. Kumshangilia mtu anapokusemea ya moyoni, hata mlevi anaweza. Mfuasi ni yule anayeliokota jembe vumbini siku wenzake wamelitupa. Na mwenye kusema hapana msimkimbilie na matusi, huenda ndiye anayewaokoa waume zenu.

Haya, komenti ni zenu. Niambieni na kwenu miguu hairukwi, au ni sisi tu. Anayesema bibi katunga, apande pikipiki Mikumi aje, nipo, na nyumba yangu inatazama bonde lile lile.

Tena juzijuzi walikuja vijana wetu hapa uani. Wana ugomvi na wafugaji wa kule chini, wamekasirika kweli kweli, wanataka ngoma ya bibi iwatangulie. Niliwapa mkeka. Niliwapa chai. Kisha nikakaa kizingitini, nikanyoosha miguu, haina nguvu tena lakini bado ni mirefu, nikawaambia:

"Bonde hili ni la mama yangu, na halijaomba damu. Siimbi, na siinuki."