Filta Thelathini na Moja za Soli

Soli si jina alilopewa na wazazi wake, ila ukiulizia jina lake la kwenye cheti pale mtaani utazungushwa mpaka miguu iume. Ni fundi viatu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mwenye mikono ya kazi na mdomo usio na breki. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne. Humo ndani, kati ya makopo ya gundi na visigino vilivyokatwa, kuna boksi la viatu lililojaa filta za kamera za zamani: vioo vya duara vyenye fremu nyembamba za chuma, vya njano, vya kijani, vya machungwa, vyekundu. Zilikuwa thelathini na moja, na hakuna hata moja iliyokubali kukaa kwenye lenzi yake.

Utacheka, na mumewe amecheka miaka sita. Aliwaambia wageni kwamba mke wake anakusanya mifuniko ya sufuria asiyokuwa nayo. Soli hakujali. Alizisaka filta kwenye minada ya vitu vya marehemu, kwa mafundi redio, na kwenye mifuko ya kamera iliyoletwa kushonwa zipu. Mteja akiteleza tu akasema babu yake alikuwa na kamera, kiatu chake hakitoki kibandani mpaka aeleze vitu vya babu viliishia wapi.

Lenzi yenyewe ilikuwa ya shangazi yake, aliyeendesha studio ya picha kwa miaka thelathini. Alipoifunga aliuza karibu kila kitu, akamkabidhi Soli kamera na lenzi hiyo moja, kwa kuwa ndiye pekee katika ukoo aliyekubali kufundishwa naye bila kukimbia. Shangazi hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Picha ikipinda kidogo tu, alikurudishia mkononi akaendelea na chai yake.

Basi mwaka huu macho ya shangazi yakaanza kumgomea. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba hayatarudi, na kwamba mwaka ukiisha huenda akabaki kuona mwanga na kivuli tu. Picha za kawaida zilishakuwa ukungu mtupu kwake, na za kwenye simu zilimchoma macho. Lakini Soli alikuwa ameshalijua hilo kabla ya daktari, kwa sababu shangazi alianza kumsifu. Alipelekewa picha, akaisogeza karibu na pua, akasema ni nzuri sana, mwanangu. Nzuri sana, kutoka kwa mtu yule! Soli alirudi nyumbani akalia jikoni waziwazi, mpaka mumewe akazima redio.

Shangazi aliomba kitu kimoja tu. "Nipigie mawingu," alisema. "Yawe meupe, na nyuma yake anga nyeusi. Hayo nadhani bado nitayaona."

Mawingu ya namna hiyo, kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe, yanataka filta nyekundu. Kioo chekundu huzuia ubuluu wa anga usifike kwenye filamu, anga ikatoka nyeusi tii na wingu likabaki jeupe pe. Soli alikuwa na filta nyekundu nne, na zote zilipwaya mdomoni mwa lenzi kwa milimita mbili. Filta kubwa zaidi hazikuingia kabisa. Alijaribu kuibandika moja kwa gundi ya karatasi, mwanga ukapenya pembeni, picha ikatoka imefifia. Alipima mdomo ule kwa rula ya chuma mara zisizo na idadi, na kila mara ulikuwa milimita hamsini na moja. Muuza kamera mmoja, mwenye duka lenye kiyoyozi, alimwambia hajawahi kuona filta ya hamsini na moja tangu aanze biashara, na kwamba lenzi hiyo aiweke kabatini iwe pambo. Soli alimjibu kwamba pambo ni yeye. Shangazi naye alishikilia kuwa zamani alitumia filta za kawaida kabisa, na Soli, Mungu amsamehe, akadhani ni uzee.

Ijumaa moja mchana alikuwa akifuta vumbi kwenye lenzi kwa brashi laini. Kidole gumba kikapita ubavuni mwake, kikasita. Fundi viatu hupapasa mahali soli inapokutana na ngozi hata akiwa anapiga soga na mteja, na kidole chake huujua mshono kabla jicho halijauona. Hapo palikuwa na mshono. Pete nyembamba nyeusi, rangi ileile ya lenzi, ilikuwa imefungwa mbele na kukwama kwa miaka mingi. Alikuwa amepima pete iliyoupanua mdomo, si lenzi yenyewe. Miaka sita yote!

Akampigia simu shangazi. Shangazi akakumbuka kwamba fundi wa kukereza vyuma aliwahi kumchongea pete, ili kofia moja kubwa ya kuikinga lenzi na jua ipate pa kushika. Alilisema hilo kwa utulivu wa mtu aliyesahau mwavuli. Soli alicheka mpaka mteja aliyekuwa akisubiri viatu vyake akasogea nyuma.

Koleo lingeipinda pete, na pete ikipinda huzidi kuuma. Soli akachukua kipande cha mpira wa soli, akakilaza mezani, akaukandamiza mdomo wa lenzi juu yake kwa viganja viwili, sawasawa pande zote, akazungusha. Haikutikisika. Akavuta pumzi, akazungusha tena taratibu. Kitu kikalia kama kokoto chini ya kiatu, na alipoinua lenzi, pete ilibaki juu ya mpira.

Filta nyekundu ya kwanza aliyoishika iliingia, ikazunguka, ikakaza. Akajaribu ya njano, ikakaa. Ya kijani, ya machungwa! Mumewe aliitwa aache kila kitu aje ashuhudie. Akazihesabu ishirini na tatu zilizokubali, akakiri kwamba sufuria imepatikana. Soli alitembea siku nzima kifua mbele, na kila aliyepita ngazini alionyeshwa, apende asipende.

Jumamosi asubuhi alipanda juu ya paa la jengo, penye tangi la maji, akayasubiri mawingu saa tatu nzima. Yalipofika, makubwa na yaliyojaa, alipiga filamu yote. Mchana akaisafisha bafuni, akachapa picha moja kwenye karatasi kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akaianika kwenye kamba ya nguo.

Jumapili shangazi alikaa dirishani, picha magotini. Hakuisogeza puani. Kisha kidole cha shangazi kikaanza kufuata ukingo wa wingu, polepole, bila kutoka nje ya mstari hata mara moja.

"Umelikata wingu mkia," shangazi akasema. "Na tangi limepinda kushoto. Nilikufundisha kusimama hivyo mimi? Kapige tena."

Soli alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi ya furaha yakimchuruzika, kwa maana tangi lilikuwa limepinda kweli, na lilipinda kushoto.