Bakteria wa Kununua

Mume wangu ni tabibu wa zahanati. Alipangiwa kazi huku kwetu Nkunga akitokea Singida, na tangu tuoane amenihubiria bakteria kuliko mapenzi. Ukishika hela, nawa. Ukimshika kuku, nawa. Kwa hiyo siku niliporudi kutoka Tukuyu na chupa, nikamwambia ina bakteria walio hai, aliacha kula.

"Umewanunua?"

"Ndiyo. Wa viazi."

Viazi vyetu vilikuwa vinanyauka majani yakiwa bado kijani. Ukikata kiazi, kinatoa ute mweupe kama makamasi. Bibi shamba wetu alisema ugonjwa huo unaletwa na bakteria wa udongoni, lakini wapo wengine, wema, wanaowahi kukaa kwenye mizizi na kuwabana wale wabaya. Unawachanganya na maji, unaloweka mbegu, unapanda.

"Sasa watawatambuaje wabaya?" mume wangu akauliza.

"Kawaulize."

Jumamosi nikachota maji kwenye pipa, nikamimina ile chupa, nikaloweka mbegu. Bibi shamba alipopita kutuangalia, akainamia ndoo, akanusa.

"Mama, maji haya umeyatoa wapi?"

"Kwenye pipa la jikoni."

"Mbona yananukia klorini?"

Sote wawili tukamgeukia mume wangu.

"Maji ya kunywa lazima yatiwe dawa," alisema kwa sauti ndogo.

Bibi shamba alicheka mpaka akakalia gunia. "Daktari, umewamaliza wote hata shamba hawajaliona!"

Jumatatu alikwenda Tukuyu mwenyewe. Alirudi na chupa nyingine ameiviringishia jani la mgomba isipigwe na jua, akakinga maji ya mvua, ambayo kwetu ni tele, akasimamia ndoo kama anachanja watoto. Nilipotaka kukoroga, akaniambia, "Taratibu, mama, utawaumiza."

Msimu ule mashina machache yalinyauka, naye akayang'oa na kwenda kuyachoma mbali na shamba. Mengine yalisimama mpaka mwisho. Siku ya kuvuna alichuchumaa kwenye tuta na kisu, kila ninachochimba anakikata, anakikamua, anatangaza kama anasoma majibu ya maabara: "Hakina ute! Hiki nacho hakina!"

"Baba, tutauza nini?"

Nikamnyang'anya kisu. Vile alivyokwisha kuvikata tukavipika mchana uleule, sufuria ikajaa, tukawaita majirani.