Ukungu Uliomkalia Mama

Nilipokuwa mtoto kule Chawia, milimani, tuliamini kwamba ukungu unaoshuka baada ya mvua kubwa hutafuta nyumba iliyo kimya. Ukiipata unaingia na kumkalia mtu kifuani, na mtu huyo hainuki mpaka aitwe kwa jina lake na mtoto wake mwenyewe, naye aitike.

Mwaka mmoja mvua ilikuja na upepo ikang'oa mabati ya jikoni. Udongo wa mlimani ukaporomoka ukafunika kabeji za mama, zilizokuwa karibu kukatwa. Hakuna aliyeumia. Majirani walisema tumshukuru Mungu, na mama akashukuru pamoja nao. Kisha akaingia ndani, akalala akitazama ukuta.

Ukungu ukashuka. Mchana ulifanana na jioni, nguo hazikukauka, kuku walikataa kutoka. Baba alikuwa kazini Mombasa. Uji niliompelekea mama asubuhi niliukuta mchana umefanya utando juu.

"Nitakunywa, mwanangu," aliniambia, bila kugeuka.

Nyanya, mamake baba, alikuja akasimama mlangoni, akamtazama mama kwa muda. Akanivuta nje.

"Wakesho, ukungu umemkalia mamako. Nenda pale mwisho wa shamba umwite. Jina la kwao."

Nilishtuka. Tangu nizaliwe, kila mtu alimwita Mama Wakesho.

"Nimwite Mghoi? Atanichapa, nyanya!"

"Akikuchapa, si atakuwa ameinuka?"

Nilisimama kwenye matope, nyumba yetu nikiiona kama kivuli tu. "Mghoi!" Sauti yangu ilimezwa. Nikaita tena, na tena, hadi nikaanza kulia, maana niliamini kabisa kwamba asipoitika nimempoteza.

Ndipo nikasikia, "Abee!"

Haikuwa sauti ya mama ninayoijua. Ilikuwa kama ya msichana aliyetumwa maji na mamake. Kisha mama mwenyewe akatokea, miguu mitupu, leso begani.

"Wewe! Nani amekufundisha kunitaja jina?" Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. Akanifunika kwa leso yake tukarudi ndani. Nyanya alikuwa ameshapasha uji.

Mama hakupona siku hiyo. Ukungu ulikaa, na kuna asubuhi alirudi kulala. Lakini nyanya hakukosa kisingizio cha kumwinua: leo maharagwe ya kuchambua, kesho twende tuone kama kuna kabeji ya kuokoa. Zilipatikana chache, zimepondeka, tukazila na ugali.

Sasa naishi Voi, kwenye joto. Hata huku, dhoruba ikipita na mawingu yakagoma kuondoka, huwa nahisi uzito ule ukinijia. Nafungua madirisha, naoga, naenda kukaa na jirani kabla sijakosa nguvu za kwenda.

Kama ukungu unaweza kumkalia mtu, sijui. Ninalokumbuka ni kwamba siku zile hakuna aliyemuuliza mama kwa nini amelala na shamba linamngoja. Hakuna aliyemwita mvivu, wala kumwambia wenzake wamepoteza zaidi. Kwetu kosa lilikuwa la ukungu. Yeye alikuwa mtu aliyeelemewa, na kazi yetu sote ilikuwa kumsaidia kuinuka.